Uzi Mnene: Historia ya Gitaa la Besi na Wapigaji Wake

Gitaa la besi ni chombo cha nyuzi nne nene ambazo kwa kawaida hupangwa kwa sauti za E, A, D na G, yaani oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la kawaida, na uzi wake mnene kuliko yote hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde, kiwango ambacho mchezaji dansi hukihisi kifuani na miguuni kama anavyokisikia kwa masikio. Kazi ya chombo hiki katika bendi ina pande mbili zisizotengana: kwa upande mmoja hushirikiana na dramu kushika mwendo, na kwa upande mwingine huweka noti ya chini ambayo ndiyo inayoamua noti zote zilizo juu yake, za waimbaji, za magitaa na za tarumbeta, zisikike kwa maana gani. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika chini ya sauti nyingine zote, wasikilizaji wengi huigundua pale tu inapokosekana. Historia ya gitaa la besi katika karne ya ishirini ilianza na tatizo la ufundi, yaani namna ya kuifanya sauti ya chini isikike, na tatizo hilo lilitatuliwa mapema; tatizo lililodumu zaidi lilikuwa la kijamii, yaani namna mpigaji wa sauti hiyo angeweza kujulikana na kulipwa kwa alichokibuni. Matatizo hayo mawili yanapaswa kusimuliwa pamoja, kwa sababu jibu la kwanza ndilo lililolifanya la pili lionekane.

Besi ya kusimama na udhaifu wake

Kabla ya gitaa la besi, sauti ya chini katika bendi za Marekani na Ulaya ilitolewa na besi ya kusimama, chombo cha mbao cha jamii ya fidla ambacho kimo chake hukaribia au hupita kimo cha mtu, na ambacho mpigaji hukishika akiwa wima na kukikwanyua kwa vidole au kukipiga kwa upinde. Katika okestra ya ukumbini, ambako wapigaji kadhaa wa besi husimama pamoja mbele ya hadhira iliyotulia, chombo hicho hakikuwa na shida ya kusikika. Lakini katika bendi za jazi za miaka ya 1930, ambako mpigaji mmoja alishindana na safu za tarumbeta, tromboni na saksafoni pamoja na dramu, ndani ya kumbi zilizojaa wachezaji, noti zake zilizama kiasi kwamba zilihisiwa kuliko kusikika. Kilikuwa pia chombo cha adha njiani, kwa kuwa bendi ziliishi kwa kusafiri usiku kutoka mji hadi mji, na besi ya kusimama ilifungwa juu ya paa la gari au ilichukua nafasi ya abiria, huku ikipasuka kwa joto, baridi na mitikisiko.

Wapigaji wa gitaa walikwisha kuondokana na udhaifu kama huo mapema zaidi, kwa kuwa tangu mwaka 1932 kampuni iliyokuja kuitwa Rickenbacker ilikuwa ikiuza magitaa yenye pikapu, yaani kifaa cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba ambacho hugeuza mtetemo wa uzi wa chuma kuwa umeme unaoweza kukuzwa na amplifaya. Katika miaka hiyo hiyo mwalimu wa muziki wa mji wa Seattle, Paul Tutmarc, alitumia kanuni hiyo kwa sauti ya chini na kutengeneza, kupitia kampuni yake ya Audiovox, besi fupi ya mbao isiyo na uwazi ndani, iliyopigwa ikiwa imelazwa kama gitaa. Chombo hicho kilikuwa na karibu sifa zote za gitaa la besi la leo, lakini kilitengenezwa kwa idadi ndogo na hakikupata soko, kwa sababu amplifaya na spika za wakati huo hazikumudu vizuri noti za chini, na kwa sababu viongozi wa bendi hawakuwa bado wameona haja ya kukinunua. Ubunifu wa Tutmarc ukasahaulika kwa miongo kadhaa, na sifa ya kulianzisha gitaa la besi ikaenda kwa mtu mwingine.

Fundi redio wa Fullerton

Mtu huyo alikuwa Leo Fender, mzaliwa wa California wa mwaka 1909, aliyesomea uhasibu, akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton mwaka 1938, na ambaye hakujua kupiga gitaa. Kutojua kwake kulikuwa na faida isiyotarajiwa, kwani kulimlazimu kuwasikiliza wanamuziki walioleta amplifaya zao mbovu dukani, akayapokea malalamiko yao jinsi fundi anavyopokea dalili za mashine iliyoharibika. Baada ya kuuza gitaa la umeme la mbao nzito lililokuja kujulikana kwa jina la Telecaster, mwaka 1951 alitoa chombo kilichoitwa Precision Bass, chenye shingo iliyofungwa kwa skurubu ili iweze kubadilishwa kwa urahisi, na chenye nyuzi ambazo urefu wake kati ya ncha mbili za kutetemeka ulikuwa takribani sentimita 86, ukilinganisha na zaidi ya sentimita 100 za besi ya kusimama.

Jina la chombo hicho, lenye maana ya usahihi, lilieleza ahadi yake. Shingo ya besi ya kusimama haina alama yoyote, hivyo mpigaji hutegemea sikio na mazoea ya miaka kujua mahali pa kubonyeza, lakini Fender alipigilia kwenye shingo ya gitaa lake vipande vyembamba vya chuma viitwavyo freti, ambavyo huukata uzi mahali palipopimwa na kuifanya noti itoke ilivyokusudiwa hata kama kidole kimekosea kidogo. Kwa mpango huo mpiga gitaa wa kawaida, ambaye vidole vyake vilikwisha kuzoea freti, aliweza kujifunza besi kwa muda mfupi na kuongeza nafasi zake za kazi, na kiongozi wa bendi aliweza kumwajiri mtu mmoja mahali ambapo zamani angehitaji wawili. Mwaka 1952 Fender alitoa pia amplifaya ya Bassman iliyobuniwa kwa ajili ya chombo hicho, kwa kuwa alielewa kwamba gitaa la besi bila spika inayoweza kuibeba sauti yake ni ubao tu.

Chombo kilipokewa kwa dharau kabla ya kupokewa kwa furaha. Miongoni mwa wapigaji wake wa mwanzo alikuwa Monk Montgomery, ndugu wa mpiga gitaa Wes Montgomery, ambaye alipojiunga na bendi ya Lionel Hampton alikabidhiwa gitaa la Fender badala ya besi ya kusimama aliyoizoea, na ambaye kwanza aliona aibu, kwa sababu katika jazi chombo hicho kilihesabiwa kuwa mwana haramu asiye gitaa wala besi. Hata hivyo alijifunza, akasafiri nacho katika ziara ya Ulaya, na mwaka 1953 akarekodi nacho katika kundi la mpiga tarumbeta Art Farmer. Tangu hapo ushindani wa kibiashara ukashika kasi: Gibson ilitoa besi yake ya umeme mwaka 1953, Höfner ya Ujerumani ikafuata katikati ya muongo huo kwa chombo chepesi chenye umbo la fidla, na Fender mwenyewe akatoa mwaka 1960 besi ya pili, Jazz Bass, yenye pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi. Jina lake lilienea kiasi kwamba kwa miaka mingi wanamuziki na watayarishaji wa Marekani waliita gitaa lolote la besi kwa jina la Fender, hata baada ya yeye kuiuza kampuni kwa shirika la CBS mnamo Januari 1965 kwa dola milioni 13.

Pamoja na mafanikio hayo, cheo cha mpiga besi ndani ya bendi kilibaki cha chini, na mara nyingi kazi hiyo ilimwangukia aliyechelewa kuchagua. Mfano unaojulikana zaidi ni wa The Beatles, ambao mpiga besi wao Stuart Sutcliffe alipowaacha mwaka 1961 wakiwa Hamburg, hakuna miongoni mwa wapiga gitaa watatu waliobaki aliyeitamani nafasi yake, hadi ikamwangukia Paul McCartney, aliyenunua Höfner kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu na kwa sababu umbo lake lenye pande mbili sawa halikuonekana vibaya likigeuzwa kwa mtu wa mkono wa kushoto. Kuanzia nafasi hiyo isiyotakiwa, McCartney alikuja kupiga besi inayoimba wimbo wake yenyewe chini ya wimbo mkuu, na alikiri wazi kwamba miongoni mwa waliomfundisha kwa santuri zao alikuwamo mpigaji wa Detroit ambaye jina lake wakati huo halikuandikwa popote.

Shimo la Nyoka

Mpigaji huyo alikuwa James Jamerson, aliyezaliwa mwaka 1936 katika kisiwa cha Edisto, Carolina Kusini, ambako utotoni, kwa masimulizi yake mwenyewe, alifunga mpira kwenye kijiti alichokichomeka katika kichuguu na kuukwanyua ili kuwachezesha sisimizi. Mwaka 1954 alihamia Detroit, mji wa viwanda vya magari uliokuwa umevuta maelfu ya Wamarekani weusi kutoka kusini, na katika shule ya sekondari akajifunza besi ya kusimama, huku masikio yake yakiwa kwa mabingwa wa jazi kama Ray Brown, Paul Chambers na Percy Heath. Ladha hiyo ya jazi haikumtoka hata alipoanza kuishi kwa muziki wa vijana, na ndiyo inayoeleza kwa nini besi yake ilijaa noti za kupitia, noti zilizokatiza kabla ya pigo, na ukimya uliowekwa mahali ambapo mpigaji mwingine angejaza.

Mwaka 1959 Berry Gordy, kwa mkopo wa dola 800 kutoka mfuko wa familia yake, alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown, akanunua nyumba katika barabara ya West Grand Boulevard na kuigeuza ofisi na studio. Wanamuziki walikiita chumba cha kurekodia Shimo la Nyoka, kwa sababu ya nyaya zilizotapakaa na kuning'inia kila upande, na humo kikosi cha kudumu kilichojulikana miongoni mwao kama Funk Brothers kilirekodi karibu muziki wote ulioambatana na sauti za waimbaji wa kampuni hiyo. Kikosi hicho kilikuwa na Earl Van Dyke kwenye kinanda, Benny Benjamin kwenye dramu, Robert White, Eddie Willis na Joe Messina kwenye magitaa, na Jamerson kwenye besi, kwanza ile ya kusimama na muda mfupi baadaye ile ya Fender.

Namna kazi ilivyopangwa studioni inastahili kuelezwa kwa makini, kwa sababu humo ndimo mgogoro wa jina ulimozaliwa. Mtunzi alifika na maneno na wimbo, na mpangaji wa muziki akawagawia wapigaji karatasi ambayo mara nyingi ilionyesha tu mfuatano wa kodi, yaani makundi ya noti yanayolingana, ikimwachia kila mpigaji abuni atakachokipiga juu yake. Jamerson aliweza kuchukua karatasi kavu ya namna hiyo na kuigeuza, ndani ya kikao cha saa chache, kuwa mstari wa besi ambao msikilizaji aliukumbuka sawa na kiitikio; lakini sheria na desturi za biashara ya muziki zilimtambua kuwa mtunzi yule tu aliyeleta maneno na wimbo, na mpigaji akalipwa ujira wa kazi kama fundi mwashi anayelipwa kwa siku, bila sehemu yoyote katika mauzo ya nyumba aliyoijenga.

Chombo chake kilikuwa Precision Bass ya mwaka 1962 aliyoiita Funk Machine, ambayo nyuzi zake zilikuwa bapa, yaani zilizozungushiwa utepe laini wa chuma badala ya waya wa mviringo, na ambazo hakuzibadilisha ila zilipokatika, kwa kuwa aliamini kwamba uchakavu wake ndio ulioifanya sauti iwe nzito. Nyuzi hizo ziliinuliwa juu sana kutoka kwenye shingo, kiasi kwamba wengine walioijaribu walichoka mikono, na alizikwanyua kwa kidole kimoja tu cha shahada, desturi aliyotoka nayo kwenye besi ya kusimama. Studioni gitaa liliunganishwa moja kwa moja na mitambo ya kurekodi bila kupitia kwenye amplifaya na maikrofoni, na wahandisi wakaujaribu mchanganyiko wa sauti kupitia spika ndogo iliyofanana na ya redio ya gari, kwa sababu walijua kwamba wateja wao wengi wangeusikia wimbo kwa mara ya kwanza wakiwa barabarani. Hivyo tatizo la miaka ya 1930 la kusikika lilikuwa limekwisha kabisa: besi ilisikika hata katika spika iliyotosha kiganjani.

Usiku wanamuziki hao waliendelea kupiga jazi katika vilabu vya Detroit, na mchana, ingawa kampuni ilikataza, baadhi yao walitoroka kwenda kurekodi kwa wengine, kama walipokwenda Chicago mwaka 1967 kushiriki katika rekodi ya Jackie Wilson. Ni mwaka 1971 tu, katika albamu ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On, ambapo majina ya wapigaji yaliandikwa kwenye jalada la santuri ya Motown na la Jamerson likawekewa neno la sifa. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles, na wengi wa Funk Brothers wakabaki Detroit bila kazi. Jamerson aliifuata, lakini katika mji huo watayarishaji walitaka nyuzi mpya zenye mlio mkali na mistari iliyopangwa tangu mwanzo, naye hakutaka kubadilika, huku ulevi ukimdhoofisha. Mwaka 1983, kampuni ilipoadhimisha miaka 25 kwa onyesho kubwa la televisheni, yeye aliketi miongoni mwa watazamaji kwa tikiti aliyojinunulia. Siku chache kabla ya kifo chake cha tarehe 2 Agosti mwaka huo huo, Funk Machine iliibwa. Kitabu kilichonakili mistari yake ya besi kilitoka mwaka 1989, filamu kuhusu Funk Brothers ikaonyeshwa mwaka 2002, na katikati yake, mwaka 2000, jina lake likaingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa rock, yote hayo mwenyewe akiwa kaburini.

Vidole, piki na freti

Wakati Jamerson akishikilia kidole kimoja na nyuzi bapa, wapigaji wengine walikuwa wakijenga ladha tofauti, na mabishano yao kuhusu nyuzi, vidole na mbao yalikuwa kwa kweli mabishano kuhusu nafasi ya besi katika muziki. Huko Los Angeles, Carol Kaye, mpiga gitaa wa jazi aliyeingia kwenye besi mwaka 1963 kwa sababu mpigaji aliyetarajiwa hakufika kwenye kikao cha kurekodi, alitumia piki, yaani kipande kidogo kigumu cha kukwanyulia, na kupata noti kavu zilizopenya kwa urahisi katika filamu na matangazo. Akawa miongoni mwa wapigaji waliotafutwa zaidi studioni, na mwaka 1969 akachapisha kitabu cha mafunzo kilichowasaidia maelfu ya wanaoanza. Uingereza, John Entwistle wa bendi ya The Who alishirikiana na kampuni ya Rotosound mnamo mwaka 1966 kupata nyuzi za waya wa mviringo zenye mlio wa kung'aa kama kinanda, kwa kuwa alitaka besi ishike nafasi ambayo kwa bendi nyingine ilikuwa ya gitaa la pili.

Mapinduzi mengine yalitokana na upungufu. Larry Graham wa Oakland, California, alikuwa kijana akipiga muziki pamoja na mama yake, mpiga kinanda Dell Graham, na walipobaki bila mpiga dramu alianza kuugonga uzi mnene kwa dole gumba ili utoe mlio kama wa dramu kubwa, na kuuvuta uzi mwembamba kwa kidole ili ugonge shingo kama dramu ndogo. Mtindo huo aliupeleka katika bendi ya Sly and the Family Stone mwishoni mwa miaka ya 1960, ukawa msingi wa muziki wa funk. Jaco Pastorius wa Florida alichukua njia ya kinyume, akang'oa freti ambazo Fender aliziweka kwa ajili ya usahihi, akaziba mifereji yake na kuipaka shingo gundi ngumu inayotumiwa kwenye boti, ili noti ziteleze na kuimba kama sauti ya mtu. Albamu yake ya mwaka 1976 na kazi yake katika kundi la Weather Report zilimfanya mpiga besi asimame mbele ya jukwaa na kutangazwa kwa jina lake, jambo ambalo miaka ishirini kabla lingeonekana kama mzaha.

Hata hivyo umaarufu wa wachache haukubadili mpango wa kazi kwa walio wengi. Aston Barrett wa Jamaika, aliyejitengenezea besi yake ya kwanza kwa mbao za kawaida, aliijenga reggae ya Bob Marley and the Wailers juu ya mistari mizito iliyorudiwa kwa subira, na alikuwa jukwaani mwezi Aprili 1980 bendi hiyo ilipopiga katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, ambako muziki uliotangulizwa na besi ulipokewa kama muziki wa ukombozi. Lakini mwaka 2006 Mahakama Kuu ya London ilitupilia mbali madai yake ya sehemu ya mapato ya nyimbo hizo, na kwa mara nyingine mstari wa besi uliojulikana duniani kote ukaonekana kuwa na mpigaji bila kuwa na mmiliki aliye mpigaji.

Besi katika muziki wa dansi

Afrika Mashariki ililipokea gitaa la besi ikiwa tayari na bendi zenye mizizi ya ndani. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz pamoja na Western Jazz zikafuata katika muongo wa 1940, zote zikiwa na sura ya klabu yenye wanachama na viongozi; neno jazi kwao halikuwa na maana ya muziki wa Marekani bali ya muziki wa dansi kwa jumla, ulionyonya vionjo vya rumba ya Kyuba na baadaye ya Kongo. Magitaa ya umeme yalipoenea katika miaka ya 1960, mgawanyo wa kazi ukatulia katika nafasi nne zilizofahamika kwa kila mpenzi wa dansi: solo, solo la pili, rithimu na besi.

Katika mgawanyo huo besi haikutakiwa kutembea mfululizo kama katika jazi ya Marekani. Kwa kuwa rithimu hukimbia bila kupumzika na magitaa mawili ya solo hujibizana juu yake, mpiga besi wa dansi huweka vifungu vifupi vilivyotenganishwa na ukimya, akiliacha pigo linalotarajiwa na kuingia nusu hatua baadaye, hivi kwamba mchezaji hulijaza pengo hilo kwa kiuno. Wimbo unapofika kwenye chemko, yaani sehemu ya mwisho ambamo mashairi huisha na mwendo huongezeka, besi ndiyo inayotangulia kuashiria mabadiliko. Ustadi huo unasikika wazi katika rekodi za Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978 na wanamuziki waliojitenga na Simba Wanyika, ambamo besi ya Tom Malanga husimama peke yake kati ya rithimu ya Omar Shabani na sauti ya John Ngereza, kama katika wimbo Sina Makosa. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Suleiman Mwanyiro, ambaye wapenzi wa dansi walimpa lakabu ya Computer.

Tofauti kubwa na Marekani ilikuwa katika umiliki wa vyombo. Nchini Tanzania, mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha bendi yake, na mfano huo ukafuatwa na asasi nyingine za umma: Polisi, Magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, kiwanda cha nguo cha Urafiki mwaka 1970, na umoja wa vijana wa chama tawala cha TANU ulioanzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Asasi ilinunua vyombo, ikawalipa wanamuziki mshahara wa mwezi na kuwapa uhakika ambao mpigaji wa kikao cha studio hakuwa nao, lakini vyombo vilibaki mali ya asasi na vilifungiwa stoo baada ya dansi. Kwa kuwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchini Tanzania, gitaa jipya la besi, hata nyuzi zake, halikuwa kitu ambacho mwanamuziki angeweza kukiagiza kwa mshahara wake, na aliye na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Orchestra Maquis, iliyotoka Zaire, ilikuwa miongoni mwa chache zilizojitafutia njia nyingine, kwa wanamuziki kuunda kampuni yao wenyewe ya OMACO na kumiliki vyombo kwa pamoja.

Ndani ya mazoezi, utunzi ulifuata njia ambayo Jamerson angeitambua mara moja. Mtunzi, mara nyingi mwimbaji, alileta mashairi na wimbo wake, na kila mpiga gitaa akatafuta sehemu yake hadi muziki ukakaa, kisha bendi ikaenda kurekodi katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako wimbo ulitangazwa kwa jina la bendi na wakati mwingine la mtunzi. Msikilizaji aliyejua mashairi yote ya waimbaji kama Muhiddin Gurumo au Hassani Bitchuka hakuwa na njia rahisi ya kujua ni nani aliyeubuni mstari wa besi uliokuwa chini ya mashairi hayo, isipokuwa kwa kwenda ukumbini na kumwona kwa macho. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 ilitambua haki za waigizaji na wapigaji sambamba na za watunzi, lakini sehemu kubwa ya rekodi za dansi zilikwisha kufanyika chini ya desturi ya zamani.

Katika mazingira hayo kuhama bendi kulikuwa silaha kuu ya mwanamuziki. Mlimani Park Orchestra, iliyoundwa mwaka 1978, ilikusanya wanamuziki waliotoka katika bendi nyingine, wakiwamo waliotoka bendi ya wafanyakazi na Michael Enoch aliyekuwa amekulia katika Dar es Salaam Jazz, na miaka michache baadaye baadhi yao nao wakahamia kwingine. Mpiga besi aliyehama aliliacha gitaa stoo kwa mwajiri wa zamani, akakabidhiwa jingine na mwajiri mpya, na kitu pekee alichovuka nacho barabara kilikuwa mkono wake, yaani namna yake ya kuchelewesha noti na kuacha pengo. Wapenzi wa dansi walilijua jambo hilo vizuri, ndiyo maana walibishana kwenye mabaa kama bendi iliyokimbiwa imepoteza mtindo wake au imepoteza watu tu. Jamerson alilimiliki gitaa lake kwa miaka ishirini na likaibwa, ilhali mkono wake ulikuwa umekwisha kubaki katika santuri za Motown. Mpiga besi wa Dar es Salaam hakulimiliki gitaa, na mkono wake ulibaki katika kanda za redio ya taifa. Kwa wote wawili ushahidi uliobaki ni mmoja, nao haukuandikwa kwenye jalada lolote: ni mtetemo wa uzi mnene, ambao anayetaka kuandika historia ya muziki wa dansi kwa haki hana budi kuusikiliza kwanza, kabla ya kuyafikia mashairi.